Kubana mbao kwa ombwe karakanani: mwongozo kamili kwa fundi seremala

Fundi anayezungushia ruta (mashine ya kuchongea mbao yenye kisu kinachozunguka) kiti cha stuli cha mviringo hupata taabu ile ile kila mara. Klampu lazima ikae pembeni, na pembeni ndipo ruta inapotakiwa kupita. Hukata nusu, huzima mashine, hufungua klampu na kuihamishia upande wa pili, kisha huendelea. Mahali mikato miwili inapokutana hubaki kovu linalodai msasa mwingi. Kubana kwa ombwe, yaani kwa kuondoa hewa chini ya ubao, huondoa taabu hiyo, kwa sababu kipande hushikwa kutoka chini huku uso wa juu na kingo zake zote zikibaki wazi. Vifaa vyake si vya ajabu, na vingi hupatikana kwa mafundi friji, kwa wauza vipuri vya kompresa na katika maduka ya mabomba. Hata hivyo, njia hii ina tabia zake, na fundi asiyezijua anaweza kuumia vibaya na mbao iliyoonekana imeshikwa imara kabisa.

Mwongozo huu unahusu hasa bamba la ombwe, yaani bodi yenye tundu la kutolea hewa ambayo kipande hulazwa juu yake, kwa kazi ya ruta, kwa kuwa ndiko kunakoanzia karakana nyingi ndogo. Kerezo, mashine inayozungusha mbao ili ichongwe mviringo, nimelipa sehemu yake mwishoni.

Hewa ndiyo inayokandamiza

Tumezoea kusema kwamba pampu inavuta ubao. Lugha hiyo inatosha kwa mazungumzo, lakini inapotosha hesabu. Pampu inaondoa hewa iliyo chini ya ubao tu. Kinachoubana ubao ni hewa ya juu yake, ambayo sasa haina mwenzake wa kupingana nayo kutoka chini. Usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila kitu kwa nguvu ya takriban kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba. Nguvu ya kubana, kwa hiyo, haiwezi kamwe kuzidi kiasi hicho, hata ukinunua pampu ya bei gani.

Katikati ya karne ya 17 Mjerumani Otto von Guericke aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba bila kuzifunga kwa chochote, akatoa hewa ndani yake, na farasi waliopangwa katika makundi mawili wakashindwa kuzitenganisha. Alipofungua koki na kuruhusu hewa iingie, nusu hizo ziliachana zenyewe. Mafundi wengi husimulia habari ya farasi, lakini kwetu sisi habari ya koki ina uzito zaidi. Upenyo mdogo ulitosha kuondoa nguvu yote, na karakanani upenyo huo unaweza kuwa ufa wa ubao, tundu la mdudu, au unyuzi mmoja wa randa uliolala juu ya gasketi, ule ukanda wa sponji ya mpira unaozuia hewa isiingie chini ya ubao.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Hesabu ni nyepesi. Pima eneo lililo ndani ya gasketi kwa sentimita za mraba, soma geji (saa ya kupimia ombwe) kwa inchi za zebaki, zidisha viwili hivyo, kisha zidisha kwa 0.0345. Jibu ni nguvu ya kubana kwa kilo. Kiti cha stuli chenye kipenyo cha sentimita 32, kikikaa juu ya gasketi ya duara yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 26, kina eneo la takriban sentimita 530 za mraba. Geji ikisoma inchi 20, kiti hicho kimekandamizwa kwa takriban kilo 366. Zingatia kwamba nimetumia eneo la ndani ya gasketi, wala si eneo la ubao wote. Sehemu ya ubao iliyo nje ya gasketi haichangii chochote.

Kilo 366 ni nguvu ya kuzuia ubao usinyanyuke kwenda juu, ilhali ruta kwa kawaida husukuma ubao kwa pembeni. Upande huo ombwe halishiki moja kwa moja. Kinachoshika ni msuguano kati ya ubao na bamba. Kwa mbao kavu juu ya bamba lililopakwa vanishi, mimi hukadiria theluthi moja tu ya nguvu ya kubana, yaani kiti chetu kitahimili takriban kilo 120 kwa pembeni. Kiasi hicho kinatosha, kikiwa na akiba ya kutosha.

Sasa chukua mguu wa kiti wenye upana wa sentimita 4. Gasketi ikishakula nafasi yake, pengine hubaki eneo la sentimita 2.5 kwa 28, yaani 70 za mraba. Kwa geji ile ile ya inchi 20 unapata kilo 48 za kubana, na theluthi yake ni kilo 16. Kisu cha ruta kikikutana na fundo au kikichukua mbao nyingi kuliko inavyostahili, kilo 16 zinapitwa kwa urahisi. Nililijifunza hili mwaka wangu wa kwanza wa kutumia ombwe: niliujaribu mguu wa namna hiyo kwa kuuvuta juu kwa mikono miwili, haukutikisika, nikaridhika. Katika mpito wa pili ulichomoka kwa pembeni, kisu kikala kiolezo, na kipande kikapiga ukuta mahali nilipokuwa nimesimama muda mfupi kabla. Jaribio langu lilikuwa sahihi kwa nguvu ya juu na halikugusa kabisa nguvu ya pembeni. Tangu hapo sibani kwa ombwe peke yake kipande chochote ambacho eneo lake ndani ya gasketi halifiki sentimita 150 za mraba, na vipande vikubwa zaidi ya hapo navyo huviwekea vizuizi, kama nitakavyoeleza.

Mwinuko wa mahali ulipo

Miongozo mingi huandikwa na watu wanaofanya kazi karibu na usawa wa bahari, nayo humtaka fundi afikishe inchi 25 au zaidi. Fundi wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuifuata kama ilivyo. Fundi wa Arusha au Nairobi hawezi, na kosa si la pampu yake.

Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na geji hupoteza takriban inchi 1 kwa kila mita 300. Pwani ombwe kamili lingesoma karibu inchi 29.9. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, lingesoma kidogo juu ya 25. Nairobi, kwenye takriban mita 1,800, lingesoma karibu 24. Pampu inayofika 23 pale Nairobi inakaribia mwisho wa uwezo wa hewa yenyewe, na kuibadilisha kwa pampu kubwa zaidi ni kupoteza fedha. Njia ya kweli ya kuongeza nguvu nyanda za juu ni kuongeza eneo la gasketi au msuguano. Kwa sababu hiyo hiyo, bamba lililofanya kazi vizuri Tanga linaweza kuponyoka likihamishiwa Mbeya, kwa kuwa limepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu bila kitu chochote kuharibika.

Ukinunua geji, utaona huandikwa kwa inchi, kwa sentimita za zebaki kutoka 0 hadi 76, au kwa bar kutoka 0 hadi -1. Zote husema jambo lile lile. Chagua moja na uizoee.

Kuchagua pampu

Pampu ina sifa mbili zinazochanganywa mara nyingi: kina cha ombwe inachoweza kufikia, na wingi wa hewa inaoweza kuondoa kwa dakika. Mbao huvuja daima, kwa kuwa ina vinyweleo. Hivyo wingi wa hewa una uzito sawa na kina.

Pampu ya fundi friji, ile ya mafuta yenye mapezi yanayozunguka, ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika miji yetu. Hufikia ombwe la kina sana, na ndogo zake huondoa takriban lita 70 kwa dakika. Imetengenezwa kutoa hewa katika mfumo uliofungwa kabisa, si kuvuta hewa inayovuja saa nzima; ikilazimishwa hivyo hupata joto na kutoa ukungu wa mafuta. Itumie kwa mbao zisizovuja sana, na elekeza mdomo wake wa kutolea hewa nje ya chumba kwa mpira, kwa sababu tone la mafuta likitua kwenye mbao iliyosubiri vanishi huacha doa ambalo vanishi haitashika. Pampu kavu ya mapezi ya kaboni haina tatizo la mafuta na huvumilia kazi ya mfululizo, ila bei yake ni kubwa na vumbi likiingia humaliza mapezi upesi.

Kwa mwenye kompresa tayari kuna kifaa kidogo kinachotumia hewa ya kompresa kupita kwenye koo jembamba na kuvuta hewa nyingine pembeni. Hakina sehemu inayozunguka, hakiharibiki kirahisi, na bei yake ni ndogo. Gharama yake iko kwenye umeme, kwani hula hewa muda wote na kompresa ndogo haitapumzika. Kwa kuanzia ninakipendekeza, mradi kompresa yako ina tangi la kutosha.

Mashine ya kufyonzea vumbi si mbadala mzuri. Huvuta hewa nyingi lakini kina chake ni kidogo, na nyingi hupoza mota kwa hewa ile ile zinayofyonza; ukiziba mdomo wake mota huungua.

Tangi, mipira na koki

Kati ya pampu na bamba weka tangi. Kazi yake ni kukupa muda: pampu ikisimama ghafla, tangi huendelea kunyonya mivujo kwa kitambo na ubao hauachiliwi papo hapo. Tangi la lita 20, mbao ikivuja lita 2 kwa dakika, hushuka kutoka inchi 20 hadi 15 kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Muda huo unatosha kuinua ruta na kusubiri kisu kisimame.

Tangi lazima liwe la chuma na liwe limetengenezwa kuhimili mgandamizo, kama tangi la kompresa ya zamani lisilo na kutu ya ndani. Usitumie kamwe dumu la plastiki, chupa ya kioo wala ndoo ya rangi. Upande mmoja wa dumu la lita 20, wenye sentimita 30 kwa 35, ukipata inchi 20 za ombwe hukandamizwa na zaidi ya kilo 700. Dumu hujikunja kwa kishindo, na kioo hupasuka na kurusha vipande. Mtungi wa gesi ya kupikia nao uuache kando: chuma chake kinafaa, lakini mabaki ya gesi ndani yake yamewahi kuwalipukia watu walioanza kuutoboa au kuuchomelea.

Mpangilio wa vifaa kutoka kwenye pampu ni huu. Kwanza pampu, kisha valvu ya njia moja inayozuia hewa isirudi pampu inaposimama, kisha tangi lenye koki ndogo chini ya kutolea maji na vumbi. Kutoka kwenye tangi huja filta, halafu koki kuu, na mwisho mpira unaokwenda kwenye bamba. Filta ndogo ya petroli ya pikipiki, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, hufaa kwa mfumo mdogo na hukuonyesha vumbi linapojaa. Baada ya koki kuu, upande wa bamba, weka koki nyingine ndogo ya kuingiza hewa makusudi: hiyo ndiyo inayoachia ubao ukimaliza, na ndiyo inayopunguza nguvu pale kipande kinapokuwa chembamba. Geji nayo ikae upande huo wa bamba, si juu ya tangi. Geji iliyo kwenye tangi inaweza kusoma vizuri huku mpira wa kwenda kwenye bamba umekunjika au umeziba.

Mpira uwe mnene au uwe na waya ndani. Mpira wa kumwagilia bustani hujibana wenyewe na kuziba. Viungo vyote vya nyuzi vizungushie tepu nyeupe ya mabomba, na mahali penye mashaka pakaza silikoni kwa nje.

Kutengeneza bamba

Plaiwudi nyeusi yenye uso laini, ile inayotumika kumwagia zege, hutengeneza bamba zuri kwa sababu uso wake haupitishi hewa. Kingo zake hupitisha, kwa hiyo zipake vanishi au gundi ya epoksi mara tatu. MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18 pia inafaa ikipakwa pande zote, nyuso na kingo, hata ndani ya kila tundu na kila mfereji utakaochimba. Fundi akisahau ukuta wa tundu moja, hewa hupita ndani ya bodi yenyewe na atatafuta mvujo siku nzima.

Toboa tundu moja la milimita 8 karibu na katikati na uunganishe mpira kwa chini. Kuanzia kwenye tundu hilo chimba mifereji myembamba ya milimita 3 kwenda kina, iliyotawanyika kama miraba ya daftari, ili hewa itoke chini ya ubao wote. Ubao ulionyooka sana ukilala juu ya tundu lisilo na mifereji huweza kuliziba, na ombwe likabaki la ukubwa wa tundu.

Gasketi ndiyo inayoamua ubora wa bamba. Tumia sponji ya mpira yenye vishimo vilivyofungwa; sponji ya godoro haifai kwa sababu vishimo vyake vimeunganika na hewa hupita. Ukiwa na mashaka, ibane mdomoni na upulize. Chimba mfereji wa gasketi milimita 10 ndani ya mstari wa mwisho wa kipande, ili kisu kisiifikie. Kina cha mfereji kiwe kidogo kuliko unene wa sponji: sponji ya milimita 6 ikae katika mfereji wa milimita 4. Ubao ukishuka, sponji hujibana hadi usawa wa bamba na ubao hulala juu ya bamba gumu lenyewe. Hili lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Ubao unaoelea juu ya sponji hutetemeka, huacha mawimbi kwenye mkato, na hauna msuguano wowote wa kuutegemea. Mahali ncha mbili za sponji zinapokutana, kata kwa wembe mpya na uache urefu uzidi kidogo ili ncha zisukumane.

Ndani ya eneo la gasketi bandika vipande vya msasa namba 120, ukiacha mifereji wazi, na ushushe bamba mahali hapo kwa unene wa msasa. Msasa huongeza msuguano kwa kiasi unachoweza kukihisi kwa mkono. Kwa kazi ambayo upande wa chini ni uso wa kuonekana, usifanye hivyo, kwa kuwa utaacha mikwaruzo.

Kisha weka vizuizi. Palipo na nafasi, pigilia pembezoni mwa kipande vijiti viwili au vitatu vya mbao ngumu vilivyo vifupi kuliko kipande, upande ambao kisu husukumia. Nguvu ya pembeni ikishapokelewa na kizuizi, ombwe hubaki na kazi moja ya kukandamiza, kazi ambayo linaiweza vizuri sana. Kwa vipande vyembamba kama ule mguu wa kiti, kizuizi si hiari.

Kuandaa mbao

Ubao uliopinda au kujisokota hautashika. Upige randa hadi uso wa chini unyooke, na usitegemee ombwe liunyooshe. Ubao mwembamba utanyooka kweli ukiwa umebanwa, utakata vizuri, na ukiachia utarudi kwenye mpindo wake pamoja na mkato wako.

Mbao hazivuji sawasawa. Mpingo, kwa uzito wake, hauvuji kwa kiasi cha kukusumbua. Mninga, mvule na mtiki zina vinyweleo vikubwa, na hewa huingilia kwenye vichwa vya ubao, hupita ndani ya nyuzi kama kwenye mrija, na kutokea chini ya gasketi. Dawa ni kupaka vichwa hivyo sanding sealer (rangi ya kuziba vinyweleo) au shelaki kabla ya kazi, au kuvifunika kwa tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Nyufa na mafundo yaliyolegea yajaze kwa chini. MDF ina ujanja wake: nyuso zake mbili ni ngumu, lakini ukishaichimba na ruta, sehemu ya ndani iliyo wazi huruhusu hewa kupita hadi chini. Geji hushuka katikati ya kazi huku hakuna kilichoguswa. Mfereji mkubwa kwenye MDF uchimbe huku ukitazama geji baada ya kila mpito.

Majaribio matatu kabla ya kuwasha ruta

Funga koki inayokwenda kwenye bamba, washa pampu hadi geji isimame, zima pampu na subiri dakika 10. Kwa jaribio hili hamishia geji kwenye tangi ikiwa haina nafasi mbili. Mfumo mzuri hautapoteza hata inchi 1. Ukipoteza zaidi, mvujo uko kwenye viungo. Paka povu zito la kunyolea ndevu kwenye kila kiungo na utaliona likitoboka mahali linaponyonywa.

Jaribio la pili, weka juu ya bamba kipande cha formaika au melamini kisichopitisha hewa. Hapa unapima bamba na gasketi peke yake. Jaribio la tatu ni kwa ubao wenyewe utakaokata. Ukizima pampu na tangi la lita 20 likapoteza inchi 1 kwa dakika, ubao unavuja takriban lita 0.7 kwa dakika, na pampu yoyote itamudu. Ukipoteza inchi 10 kwa dakika, rudi kwenye sanding sealer. Kwa mpangilio huu hutakisia kamwe mvujo uko wapi, kwa kuwa kila jaribio limeongeza kitu kimoja tu.

Mwisho wa majaribio, sukuma ubao kwa pembeni kwa kiganja, kwa nguvu, kutoka pande zote nne. Kisha weka alama nyekundu kwenye kioo cha geji katika kiwango cha chini ulichopata kwa hesabu. Chini ya alama hiyo hakuna kukata.

Wakati wa kukata

Vaa miwani. Vaa vizuia sauti masikioni, na kumbuka kwamba ukishavivaa hutasikia mluzi wa mvujo, kwa hiyo geji ikae mbele ya macho yako. Toa vumbi kwenye gasketi kila unapobadilisha kipande. Mimi hupitisha brashi na kisha kidole, kwa sababu kidole huhisi unyuzi ambao jicho halioni. Weka vidole mbali na ukingo unapofungua koki, kwani ubao hushuka ghafla.

Kata kidogo kidogo, milimita 3 kwa mpito, kwa kisu kikali. Kisu butu husukuma badala ya kukata, nacho ndicho chanzo cha vipande vingi kuponyoka. Kisu cha mzunguko kinachotoa unyuzi kwa juu huinua ubao. Kinachousukumia chini kinafaa zaidi kwa bamba la ombwe, japo hujaza mfereji kwa vumbi. Sukuma ruta kinyume na mzunguko wa kisu. Na ukikata kipande kikatengana na kingine, kile kisicho na gasketi chini yake hakijashikwa na chochote. Panga mkato ili kibaki kimeunganishwa kwa ulimi mwembamba utakaoukata kwa msumeno baadaye.

Umeme ukikatika

Watu hudhani kwamba umeme ukikatika hakuna hatari, kwa sababu ruta nayo husimama. Ruta haisimami papo hapo, na hapo ndipo tangi hukuokoa. Hatari kubwa zaidi huja umeme unaporudi. Fundi ametoka nje kungoja, swichi ya ruta imebaki imewashwa, tangi limekwisha na ubao umelala juu ya bamba bila kushikwa. Umeme ukirudi ruta huanza kuzunguka kwa kasi yake yote juu ya ubao ulio huru. Funga kwenye saketi ya ruta swichi ya sumaku ambayo hujizima umeme unapopotea na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Hadi utakapoifunga, mazoea yawe ni kuchomoa plagi ya ruta taa zinapozimika, kabla ya jambo lingine lolote.

Kwenye kerezo

Mkereza hutumia ombwe kumalizia chini ya bakuli, mahali ambapo kabla ya hapo palibaki na matundu ya skrubu. Bakuli hufunikwa juu ya kikombe chenye gasketi mdomoni, na hewa hutolewa kupitia katikati ya mhimili wa kerezo kwa kiungo kinachoruhusu mpira usizunguke. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 10 kina eneo la takriban 78 za mraba na, kwa inchi 20, hubana kwa kilo 54. Cha sentimita 15 hubana kwa kilo 122. Tofauti hiyo inatosha kukufanya uchague kikombe kikubwa kila inapowezekana.

Bakuli jembamba hata hivyo huweza kuvunjwa na nguvu hiyo hiyo. Fungua koki ya kuingiza hewa mpaka geji ishuke kwenye inchi 10 au 12, na ufanye kazi kwa mikato myepesi. Acha kichwa cha nyuma cha kerezo kikiegemea bakuli hadi hatua ya mwisho kabisa, kiondoe tu unapobakiza kile kijisehemu cha katikati, endesha kwa kasi ndogo, na simama pembeni ya mstari wa mzunguko. Mbao ya bakuli yenye ufa au gome ndani yake isibanwe kwa ombwe.

Utunzaji

Mafuta ya pampu yabadilishe yakianza kuwa na rangi ya maziwa, kwani ni dalili ya maji. Toa maji ya tangi kila jioni. Gasketi iliyolala chini ya ubao usiku kucha hubaki imebanika, hivyo usiache kipande juu ya bamba baada ya kazi. Filta ibadilishwe mara tu karatasi yake inapogeuka rangi ya mbao, na rudia lile jaribio la kwanza la dakika 10 kila Jumatatu asubuhi kabla ya kubana kipande chochote.